Mmekubaliana, Lakini Mnaishi Wapi?

Talaka ya makubaliano ndiyo talaka nyepesi kuliko zote mbele ya mahakama za Marekani. Mume na mke wameshakaa chini, wamegawana vilivyopo, wameelewana watoto watalala kwa nani na nani atatoa matunzo kiasi gani. Hakuna anayetaka kumburuza mwenzake. Fomu zinapatikana bure katika majimbo mengi, ada hulipwa dirishani, na wengi humaliza shauri lao bila wakili. Kwa hiyo wanashangaa sana karani anapowarudishia faili, tena si kwa sababu ya nyumba wala ya mtoto, bali kwa sababu ya tarehe: aliyefungua shauri hajaishi katika jimbo hilo kwa muda unaotakiwa.

Tuchukue mfano wa dada kutoka Tanga. Aliishi Ohio na mumewe kwa miaka mingi, ndoa ikawashinda, wakaachana kwa heshima. Miezi minne iliyopita akahamia Dallas, Texas, na mtoto wao. Mama yake anampigia simu kila Jumapili.

“Sasa mwanangu, si mmekubaliana? Mnangoja nini tena?”

“Mama, mahakama ya huku inataka niwe nimekaa miezi sita kwanza.”

“Hata kama mwenzio hakatai?”

“Hata kama hakatai, mama.”

Swali la mama huyu ni la haki, na jibu lake ndilo mzizi wa sura hii. Wanandoa wanaweza kukubaliana juu ya karibu kila kitu kilicho chao. Mamlaka ya mahakama si kitu chao. Hawawezi kuipa mahakama uwezo ambao sheria haikuipa, hata wakitia sahihi kurasa mia. Jimbo nalo ni mhusika katika ndoa, na kabla halijavunja ndoa linataka kujua kama watu hawa, au angalau mmoja wao, ni watu wake.

Wengi wetu tunaanza na dhana isiyo sahihi: kwamba ndoa huvunjwa ilikofungwa. Waliooana kanisani Moshi hudhani lazima warudi Moshi, na waliofunga nikahi Mombasa hudhani mahakama ya Minnesota haiwahusu. Sivyo. Mahakama ya Marekani haiulizi sana harusi ilifanyika wapi. Inauliza unalala wapi, tangu lini, na je, umehamia au unapita. Mahali pa harusi hupata uzito kwa nadra tu. New York, kwa mfano, hudai miaka 2 ya ukaazi mfululizo kabla ya kufungua shauri, lakini ikiwa mlioana New York, au mliwahi kuishi huko kama mume na mke, mwaka 1 unatosha.

Sharti hili halikutokana na urasimu wa makarani. Nyuma yake kuna karne nzima ya watu kukimbia majimbo yao.

Kila jimbo la Marekani lina sheria zake za ndoa, na zamani sheria hizo zilitofautiana kama usiku na mchana. New York, hadi mageuzi yaliyopitishwa mwaka 1966, ilikuwa na sababu moja tu ya talaka: uzinzi. Mke aliyepigwa miaka kumi, au wawili waliokwisha kuchokana na kukubaliana, hawakuwa na mlango. Mlango ulikuwa Nevada. Jimbo hilo la jangwani, lenye watu wachache na fedha chache, liligundua kwamba huruma ya sheria inaweza kuleta wageni. Mwaka 1927 lilipunguza muda wa ukaazi hadi miezi 3. Mwaka 1931, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi na katika msimu uleule lilipohalalisha kamari, likaushusha hadi wiki 6.

Mji wa Reno ukageuka kituo cha talaka. Wanawake, maana wengi walikuwa wanawake, walishuka kwenye treni na masanduku yao, wakapanga chumba katika nyumba za wageni au katika mashamba ya farasi yaliyotengenezwa maalumu kwa wageni wa wiki sita, wakahesabu siku. Siku ya 43 walipanda ngazi za mahakama pamoja na mwenye nyumba wao, ambaye aliapa kwamba amemwona mgeni wake kila siku. Wakili aliuliza, je, mama huyu ana nia ya kufanya Nevada kuwa makao yake? Mama akajibu ndiyo, na tiketi ya treni ya kurudi nyumbani imo mkobani. Mwandishi Arthur Miller alikaa Nevada kwa muda huohuo mwaka 1956 ili aachane na mkewe wa kwanza na kumwoa Marilyn Monroe, na kutokana na watu aliowakuta huko akaandika filamu ya The Misfits.

Sipendi kuwacheka watu wale. Sheria za kwao zilikuwa katili, na uongo mdogo mbele ya hakimu wa Reno ulikuwa bei waliyoona wanaweza kulipa. Tatizo ni kwamba bei haikuishia Reno.

Mwaka 1940 mwenye duka mmoja wa mji mdogo wa Granite Falls, North Carolina, aliyeitwa Williams, alisafiri hadi Las Vegas pamoja na Bibi Hendrix, mke wa karani wa duka lake. Walipanga katika nyumba za wageni za madereva zilizoitwa Alamo Auto Court, wakakaa hadi muda ukatimia, kila mmoja akapewa talaka ya mwenzi aliyemwacha nyumbani, wakaoana hukohuko na kurudi North Carolina. Jimbo lao likawafungulia mashtaka ya jinai: kuishi kama mume na mke ilhali kila mmoja ana ndoa nyingine. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mara mbili. Mwaka 1942 majaji walisema talaka ya jimbo moja, ikitolewa na mahakama yenye mamlaka, lazima iheshimiwe na majimbo mengine. Mwaka 1945 wakaongeza neno zito: North Carolina ina haki ya kuchunguza kama kweli watu hawa walikuwa wamehamia Nevada. Kama hawakuhamia, mahakama ya Nevada haikuwa na mamlaka, na North Carolina haifungwi na talaka yake. Hukumu dhidi yao ikabaki.

Hebu tulitazame jambo hilo kwa karibu. Watu wawili walikuwa na karatasi za talaka zenye muhuri halali wa mahakama, cheti cha ndoa kipya, na bado walionekana wahalifu katika mtaa wao wenyewe, kwa sababu ya swali moja tu: mlikuwa mnaishi wapi?

Miaka 3 baadaye, mwaka 1948, katika kesi ya Sherrer, mahakama hiyohiyo ililegeza kidogo. Ikiwa mume na mke wote wawili walishiriki katika shauri la talaka, na yule mwingine alikuwa na nafasi ya kupinga suala la makazi, basi hawezi kurudi baadaye mahakama ya jimbo jingine akadai talaka ile haikuwa halali. Ndipo ushirikiano wa wanandoa unapopata thamani yake ya kisheria. Haujazi pengo la siku zinazopungua, lakini unaifanya talaka iwe ngumu kubomolewa. Ninawasihi wanaoachana kwa amani wasimwache mmoja akae kimya na kumwambia mwenzake “fanya tu, mimi sina neno.” Sahihi yake iwe kwenye faili, jibu lake liwe kwenye faili.

Je, jimbo lina haki kweli ya kumwambia mkaazi wake mpya asubiri? Carol Sosna aliuliza swali hilo. Alitengana na mumewe New York, akahamia Iowa na watoto mwezi Agosti 1972, na mwezi uliofuata akafungua shauri la talaka. Iowa ilidai mwaka 1 mzima. Shauri likatupwa. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji 6 dhidi ya 3, kwamba sharti la Iowa halivunji katiba. Jaji Rehnquist alieleza kwamba talaka hugusa watoto, mali na mwenzi aliye mbali, na jimbo linaruhusiwa kutaka uhakika kwamba mwombaji ni wake, ili lisiwe kiwanda cha talaka na ili hukumu yake isitiliwe shaka kwingine. Kwamba Bibi Sosna alicheleweshwa, sawa. Hakunyimwa.

Mimi binafsi naona mwaka ni mrefu mno kwa mama aliyehama na watoto mkononi. Lakini ndiyo sheria, na mamilioni ya watu wanaishi chini yake.

Leo tofauti kati ya majimbo bado ni kubwa. Nevada imebaki na wiki 6, na Idaho hali kadhalika. Minnesota, ambako Wasomali, Wakenya na Watanzania wengi wamejenga maisha, inataka siku 180. Texas inataka miezi 6 ndani ya jimbo na siku 90 ndani ya kaunti unakofungulia shauri. California ni miezi 6 ya jimbo na miezi 3 ya kaunti. Washington, jimbo la Seattle, haina muda wowote uliowekwa: ukishahamia kweli, siku hiyohiyo unaweza kufungua. Usichanganye muda huu na ule wa kusubiri baada ya kufungua, maana hapo ndipo watu wengi huhesabu vibaya. Washington isiyodai siku za ukaazi hukusubirisha siku 90 baada ya shauri kufunguliwa na mwenzako kupewa hati. Texas hukusubirisha siku 60. California, iliyokwisha kukudai miezi 6 kabla, hukudai mingine 6 tangu mwenzako apokee hati ndipo ndoa ihesabiwe imekwisha.

Turudi kwa dada yetu wa Dallas, kwa sababu hana haja ya kuendelea kungoja. Sharti la ukaazi katika majimbo mengi hutimizwa na mmoja tu. Mumewe hajaondoka Ohio. Ohio ina utaratibu maalumu wa wanandoa waliokubaliana, ambapo wawili huandika ombi moja na kuambatanisha mkataba wao, na kinachotakiwa ni mmoja wao awe amekaa jimboni angalau miezi 6. Hakimu huwaita wote wawili kati ya siku ya 30 na siku ya 90. Anawauliza kama wameelewa walichotia sahihi na kama bado wanakitaka. Bado wanakitaka? Imekwisha. Kabla ya kuhesabu siku zako, basi, hesabu na za mwenzako.

Mtoto ana hesabu yake. Sheria inayofuatwa na karibu majimbo yote inasema mambo ya malezi huamuliwa na jimbo ambalo mtoto ameishi miezi 6 mfululizo kabla ya shauri, na jimbo alilotoka hubaki na haki hiyo kwa miezi 6 baada ya kuondoka ikiwa mzazi mmoja yupo bado. Mtoto wa dada huyu ana miezi minne tu Dallas, kwa hiyo Ohio bado ina neno juu yake. Wakichelewa miezi mitatu zaidi, mahakama moja huenda ikavunja ndoa na nyingine ikaamua malezi. Fedha nazo zina mpaka wake: tangu kesi ya Estin ya mwaka 1948 inajulikana kwamba mahakama inaweza kuvunja ndoa ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga jimbo hilo, lakini haiwezi kumfutia haki yake ya matunzo bila kuwa na mamlaka juu yake mwenyewe.

Namna vipande hivi vinavyoweza kutawanyika ilionekana wazi katika kesi moja ya Nevada. Mwaka 1998 mume na mke wenye watoto wawili, waliokuwa wakiishi London, walikubaliana waachane. Walichagua Nevada. Mume akaenda, akakaa siku chache, akaapa kwamba ametimiza wiki 6. Mke akatia sahihi jibu lake bila kupinga, na talaka ikatoka mwezi wa Agosti. Mke akahamia Norway na watoto, kama walivyopatana. Ilikuwa talaka ya makubaliano hasa, isiyo na kelele. Miaka 2 baadaye mume akaitumia mahakama ileile ya Nevada kupata amri ya kuchukua watoto, akaenda Norway, akawachukua hadi Texas. Shauri lilipofika Mahakama ya Juu ya Nevada mwaka 2002, majaji walikubali kwamba mume hakuwa mkaazi. Ndoa waliiacha ikiwa imevunjika, kwa kuwa mke naye alishiriki na kunufaika na hukumu ile. Lakini sehemu ya malezi ikafutwa yote, kwa kuwa watoto hawakuwahi kuishi Nevada hata siku moja, na ikaamuliwa warudishwe Norway. Wazazi walipunguza wiki chache za kungoja. Watoto wakalipa kwa kuhamishwa bara hadi bara.

Ukaazi huthibitishwaje? Kwa vitu vya kawaida vya maisha: mkataba wa pango, leseni ya udereva ya jimbo, bili ya umeme, hati ya mshahara, kodi uliyolipia kule, shule ya mtoto. Nevada bado inahitaji shahidi mkaazi, kama enzi za Reno. Fomu yake ya kiapo ni ya ukurasa mmoja au kurasa mbili, na maswali yake ni ya jirani kabisa. Shahidi anaandika anapoishi yeye mwenyewe, amemjua mwombaji tangu lini, na kwa wastani anamwona mara ngapi kwa wiki. Anaweza kuwa mfanyakazi mwenzako, mtu wa jamatini, shoga yako wa saluni. Ila anaapa, na kiapo cha uongo ni jinai. Usimwombe rafiki akutolee ushuhuda wa siku ambazo hukuwepo.

Kusafiri hakukufuti. Ukienda Kigoma kumzika baba ukakaa mwezi, huku nyumba, kazi na vitu vyako viko Minneapolis, mahakama kwa kawaida huhesabu wewe ni mkaazi wa Minneapolis uliyesafiri. Mwanajeshi aliyepelekwa kambi ya jimbo jingine naye amewekewa vifungu vyake, na Texas ni mojawapo ya majimbo yanayohesabu muda wa kambini.

Kuna hofu moja ambayo nimeikuta kila penye Waswahili huko: kwamba asiye na makaratasi kamili hana makazi, hivyo hawezi kudai talaka. Mwanafunzi mwenye viza anadhani hivyo, na mke aliyekuja kwa viza ya kumfuata mume mwanafunzi anadhani hivyo zaidi, na wapo waume wanaoitumia dhana hiyo kumfunga mke mdomo. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Nevada ilitoa jibu. Mume na mke, raia wa Syria waliooana Saudia, waliishi Las Vegas, mume akisoma kwa viza ya mwanafunzi na mke kwa viza ya mwenzi. Mke alipoomba talaka, mahakama ya chini ilimkatalia ikisema mwenye viza ya muda hawezi kuwa na nia ya kuishi huko daima. Mahakama ya juu ikatengua: sheria ya Nevada inasema ukaazi, na ukaazi ni kuwepo pale kwa mwili kwa wiki 6. Viza haimzuii. Majimbo mengine hudai pia nia ya kubaki, na humo mahakama hupima maisha yote ya mtu. Mwanamke mwenye hofu hiyo aende kituo cha msaada wa sheria cha jimbo lake aulize, na asichukue jibu kutoka kwa mume anayetaka kuachana naye.

Wale wanaoachana kidini wanahitaji neno moja. Talaka iliyotolewa mbele ya sheikh na eda kwisha inatosha mbele ya Mungu na jamaa. Haitoshi mbele ya jimbo. Kwenye vitabu vya serikali mmebaki mke na mume, na atakayefunga ndoa nyingine ya serikali bila hukumu ya mahakama anajiingiza kwenye shtaka lilelile lililomkuta mwenye duka wa Granite Falls.

Na wapo wanaotaka kumalizia nyumbani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamruhusu mtu kufungua shauri ikiwa Tanzania ndiyo makao yake ya kudumu, au ameishi nchini angalau mwaka 1 mfululizo kabla ya kufungua. Likizo ya Desemba haifikii. Mtu aliyeko ng'ambo kwa kazi lakini hajaacha makao yake ya Tanzania anaweza kusimamia sharti la kwanza, na hapo kuna hatua ya baraza la usuluhishi wa ndoa, ambayo sheria huiondoa pale mjibu maombi anapoishi nje na haielekei atafika nchini ndani ya miezi 6. Tanzania haina njia ya mkato kwa waliokubaliana: makubaliano yenu ni sehemu ya ushahidi, lakini ni lazima mahakama iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka.

Hukumu ikitoka, ya Ohio au ya Dar es Salaam, isome kabla hujaiweka sandukuni. Tafuta aya ambamo hakimu anasema nani alikuwa mkaazi, wapi, na tangu lini. Kama tarehe imekosewa, omba irekebishwe mapema, wakati mwenzako bado anapokea simu zako. Chukua nakala zaidi ya moja zenye muhuri wa mahakama. Siku utakapotaka kuoa au kuolewa tena Tanzania, msajili atabandika tangazo la siku 21, na katika hizo siku mtu yeyote ana haki ya kufika na kusema ndoa ya kwanza haijavunjwa. Atakapofika, aya ile ndiyo utakayomwonyesha msajili.